Nani Alitundika Picha Hii? Mhadhara juu ya Jumba la Van Abbe, Eindhoven

Katika mji wa Eindhoven, kusini mwa Uholanzi, kuna jumba la makumbusho ya sanaa lenye tabia adimu: kila baada ya miaka michache hujihoji lenyewe hadharani. Huuliza picha hizi zilinunuliwa na nani, kwa fedha za nani, kwa nini hizi ziko ukutani na zile ziko ghalani, na ni akina nani ambao hawajawahi kuvuka mlango wake. Jumba hilo ni Van Abbemuseum. Ulaya ina makumbusho makubwa kuliko hili, yenye picha nyingi zaidi za Picasso na foleni ndefu zaidi getini. Lakini anayetaka kuielewa kazi ya kupanga maonyesho, yaani kazi ya kuamua kitu gani kikae wapi, jirani na kipi, chini ya maelezo gani, atapata tabu kuona shule bora kuliko hii.

Mhadhara huu unafuata nyayo za mgeni anayelitembelea jumba hilo, na katika kila kituo unapima kwa kipimo kimoja. Majaribio ya makumbusho siku hizi ni mengi, na mengine ni mapambo tu. Njia ya kutofautisha yenye uzito na yasiyo na uzito ni kuuliza jumba lenyewe liliweka rehani kitu gani. Lilihatarisha mali yake, jina lake, au amani yake? Kama halikuhatarisha chochote, huenda mgeni amefurahi, na kufurahi si dhambi, ila hakuna kilichobadilika.

Mgeni huanzia nje. Jengo la zamani ni la matofali, limetulia kama kanisa, na lilichorwa na msanifu majengo A. J. Kropholler. Lilifunguliwa mwaka 1936, likiwa zawadi kwa mji kutoka kwa Henri van Abbe, mwenye kiwanda cha zile sigara nene za kuviringwa kwa jani la tumbaku, zilizouzwa kwa jina la Karel I. Tumbaku nzuri ya sigara za Uholanzi zama hizo ilitoka Sumatra na Java, makoloni ya Uholanzi wakati huo. Waliokulia pembezoni mwa mashamba ya mkonge ya Tanga au ya chai ya Kericho hawana haja ya kuelezwa maana yake: nani alichuma, nani alipima, nani alijenga jumba. Kwa miongo mingi habari hiyo haikuwa sehemu ya ziara. Leo imo, na imewekwa na makumbusho yenyewe. Nyuma ya jengo hilo kuna jengo jipya la msanifu Abel Cahen, lililofunguliwa mwaka 2003, lenye mnara na kuta zilizoinama, na mto Dommel umepanuliwa hapo ukawa kama bwawa linalozigusa kuta.

Ndani ya jengo la zamani vyumba vimepangwa kwa ulinganifu na mwanga unashuka kutoka juu. Hapo ndipo lilipofanyika jaribio ambalo kwa kulisikia tu linaonekana kama uvivu. Mwaka 2009 makumbusho yalichukua mpango wa maonyesho ya majira ya joto ya mwaka 1983 na kuurudia: kazi zilezile, katika vyumba vilevile. Mpango huo wa 1983 ulikuwa wa Rudi Fuchs, mkurugenzi wa jumba kuanzia 1975 hadi 1987, ambaye pia aliongoza maonyesho makubwa ya sanaa ya Documenta ya 7 mjini Kassel, Ujerumani, mwaka 1982. Makumbusho hurudia picha kila siku, lakini hayana desturi ya kurudia mpangilio. Mpangilio huvunjwa, misumari hung'olewa, ukuta hupakwa rangi, na mgeni wa mwaka unaofuata hudhani picha zimekuwa hapo tangu enzi na enzi.

Waliporudia mpango wa Fuchs, mgeni wa 2009 alikuta vyumba vilivyopangwa na mtu mmoja mwenye ladha yake, aliyeamini kazi za sanaa zikiwekwa pamoja kwa jicho makini zitazungumza zenyewe. Maamuzi yake sasa yalionekana wazi kama maamuzi. Mgeni aliweza kuhesabu wanawake wangapi wamo. Aliweza kuuliza mabara mangapi yamo. Maswali hayo hayakuwa yamefungwa na mtu mwaka 1983. Ni ukuta wenyewe uliokuwa ukiyaficha, kwa kuonekana wa kawaida.

Marudio hayo yalikuwa sehemu ya kwanza ya mradi mrefu uliodumu tangu 2009 hadi 2011, chini ya Charles Esche, mkurugenzi kuanzia 2004 hadi 2024. Sehemu ya pili iliirudisha mitambo ya kuonyeshea sanaa iliyobuniwa zamani, kikiwemo chumba cha msanii László Moholy-Nagy cha mwaka 1930 ambacho mwenyewe hakuwahi kukiona kimejengwa. Hapo inafaa kutua kidogo, kwa sababu mizizi ya mambo mengi ya Eindhoven iko katika vyumba vya aina hiyo, hasa vya mtu mmoja: El Lissitzky, msanii kutoka Urusi, ambaye Van Abbe linamiliki mkusanyiko wa kazi zake ulio miongoni mwa mikubwa zaidi nje ya nchi hiyo.

Miaka ya 1927 na 1928, Lissitzky alitengeneza chumba katika makumbusho ya Hannover, Ujerumani, kwa mwaliko wa mkurugenzi Alexander Dorner. Kilikuwa chumba kidogo tu. Kuta zake zilivikwa vibamba vyembamba vilivyosimama wima, upande mmoja rangi moja, upande wa pili nyingine, na nyuma yake ukuta wa kijivu. Mtu akisimama kushoto aliuona ukuta mweupe. Akipiga hatua katikati, ukageuka kijivu. Akifika kulia, mweusi. Picha iliyotundikwa juu yake ilibadilika naye, ingawa hakuna aliyeigusa. Kulikuwa pia na paneli za kusogeza: mgeni aliivuta moja kwa mkono wake, akaifunika picha moja na kuifunua nyingine. Yaani mwaka 1928 mtu wa kawaida, mwenye koti lake na kofia, alipewa ruhusa ya kuamua nini kionekane. Mwaka 1937 Wanazi walikivunja chumba hicho. Utawala uliotaka kila mtu asimame mahali pamoja na kuona kitu kimoja haukuwa na nafasi ya ukuta unaobadilika kulingana na aliposimama mtazamaji. Chumba kilijengwa upya Hannover miaka ya 1960. Eindhoven nako kuna nakala ya chumba kingine cha Lissitzky cha mwaka 1923, ambamo maumbo ya mbao yanapanda kutoka ukuta mmoja hadi mwingine na kumlazimisha mtu azunguke ili ayafuate.

Jean Leering, mkurugenzi kuanzia 1964 hadi 1973, ndiye aliyemleta Lissitzky Eindhoven kwa nguvu. Lakini ujasiri wake mkubwa ulikuwa mwaka 1972, alipoandaa maonyesho juu ya mtaa: watu wanavyoishi pamoja barabarani, wanavyouza, wanavyocheza, wanavyoandamana. Katika makumbusho ya sanaa, mada ikawa barabara. Kuna waliouliza sanaa iko wapi, na haki yao. Kwa kipimo cha mhadhara huu, Leering aliweka rehani jina la nyumba yake mbele ya wenye sanaa, ili mfanyakazi wa kiwanda cha Philips, ambacho kimeulea mji huo, apate sababu ya kuingia.

Sehemu ya nne ya mradi wa 2009 hadi 2011 inasimuliwa sana na wapenzi wa makumbusho. Mgeni aliambiwa achague atembee kama nani: kama hujaji, kama mtalii, au kama mzururaji wa mjini anayetazama bila haraka. Hujaji anakuja kwa kitu kimoja kitakatifu. Mtalii anataka kuona vyote na kuondoka na kumbukumbu. Mzururaji hana ratiba. Kila mmoja alipewa vifaa vyake na njia yake ndani ya vyumba vilevile. Ni wazo zuri, kwa sababu linamwonyesha mtu kwamba hata kutazama ni tabia aliyofunzwa. Hata hivyo makumbusho yenyewe hayakupoteza wala kuhatarisha kitu. Mzigo wote wa kubadilika aliubeba mgeni.

Uzito zaidi uko katika mpangilio wa mkusanyiko uliofunguliwa mwaka 2021 kwa jina linaloweza kusomwa kwa Kiswahili kama Kujitenga na Kujiunga Upya. Hapo kazi maarufu za jumba, zikiwemo za Chagall, Mondrian na Lissitzky, hazikuachiwa macho peke yake. Zilikuwepo nakala na maumbo ya kugusa. Yalikuwepo maandishi ya nukta nundu, sauti, na harufu zilizotengenezwa kufuatana na kazi. Mtu asiyeona aliweza kuupitisha mkono juu ya umbo, akaelewa mistari inakokwenda na wapi inakatana. Na kabla ya hapo jumba lilikwishaanza kutumia roboti yenye kamera na skrini, inayoendeshwa na mtu aliye kitandani nyumbani au hospitalini. Roboti inaingia vyumbani, na mwenyewe anazungumza na mwongozaji kama aliyesimama hapo.

Wapo wanaoona haya kuwa huduma ya ziada kwa wachache. Mhadhiri haoni hivyo hata kidogo. Makumbusho ya sanaa yalijengwa juu ya imani kwamba jicho ndilo mlango mmoja na kwamba mkono ni hatari. Kuanzia kamba ya kuzuia hadi mlinzi pembeni, kila kitu kinasema usiguse. Kuikubali harufu na mguso ni kuikana imani hiyo mbele za watu. Na mwenye macho mazuri hunufaika vilevile: akifumba macho na kupapasa nakala ya mchoro, hugundua ni mambo mangapi aliyapita akidhani ameyaona.

Lakini kama kuna jaribio moja linalofaa kujulikana na kila mtu mwenye haja na makumbusho, ni safari ya picha moja mwaka 2011. Picha hiyo ni kifua na kichwa cha mwanamke, iliyochorwa na Picasso mwaka 1943, Paris ikiwa chini ya jeshi la Hitler. Uso umekatwakatwa na kuungwa upya kwa pembe zisizolingana. Ni miongoni mwa mali za thamani kubwa kabisa za Van Abbe, yenye bei ya mamilioni ya dola.

Ombi lilitoka kwa msanii Khaled Hourani wa chuo cha sanaa cha Ramallah, Palestina. Makumbusho huazimana picha kila wiki. Kuna fomu zake, bima yake, masanduku yake. Hourani aliomba tu kile ambacho Madrid au Tokyo wangepewa bila mshangao: waazimwe Picasso. Wanafunzi wa chuo walishiriki kuichagua picha. Kuanzia hapo ikachukua takriban miaka miwili.

Sababu za ucheleweshaji ndizo kiini cha habari. Fomu za kuazimana zimeandikwa kwa kudhani kwamba anayeazima yuko ndani ya dola inayotambuliwa, yenye forodha yake na mipaka yake. Palestina haikuwa na vitu hivyo. Kwa hiyo maswali ya kiofisi yakageuka maswali ya dunia. Kampuni ya bima itaihesabu hatari ya barabara ipi, na ni nani mwenye mamlaka juu ya barabara hiyo? Mikataba ya Oslo, kati ya Israeli na Wapalestina, inasemaje juu ya mzigo wa sanaa unaopitia uwanja wa ndege wa Tel Aviv na kuingia Ukingo wa Magharibi? Unyevu na joto la chumba vitadhibitiwaje katika jengo ambalo halikujengwa kuwa makumbusho? Ikabidi kijengwe chumba maalumu ndani ya chuo, chenye hewa inayopimwa. Picha iliwekwa katika sanduku lake, ikasafirishwa kwa ndege, kisha kwa gari hadi kizuizi cha Qalandia, mahali ambapo Wapalestina hupanga foleni kila siku, na ikavuka.

Maonyesho yalifunguliwa Juni 2011. Picha moja, chumba kimoja, walinzi wenye sare pande zake, na watu wakiingia wachache wachache. Miongoni mwa waliokuja kuitazama walikuwemo wengi ambao wasingeruhusiwa kusafiri njia ileile ambayo picha imeipita. Hilo halikuandikwa ukutani na halikuhitaji kuandikwa.

Hapa kipimo kinajaa. Van Abbe lilihatarisha mali yake ya thamani, likakubali mabishano, likatumia miaka miwili ya kazi ya wanasheria, wahifadhi na wasafirishaji kwa ajili ya maonyesho yenye picha moja. Na kilichoonyeshwa hakikuwa Picasso peke yake. Kilichoonyeshwa ni taratibu zote ambazo kwa kawaida huwa zimefichwa nyuma ya kila picha iliyoazimwa: bima, forodha, mkataba, mpaka. Baadaye picha ilirudi Eindhoven na kuendelea kuonyeshwa ikiwa na historia hiyo mgongoni.

Si kila jaribio lilifika salama. Mwaka 2008, katika mradi uliouliza maana ya kuwa Mholanzi, wasanii Petra Bauer na Annette Krauss walitayarisha maandamano ya kumpinga Zwarte Piet, yule msaidizi wa Mtakatifu Nikolasi ambaye wakati huo Waholanzi walimwigiza kila mwaka kwa kujipaka rangi nyeusi usoni. Barua za hasira na vitisho vilimiminika. Maandamano yalifutwa. Huenda ulikuwa uamuzi wa busara kwa usalama wa watu, na mhadhara huu hauwezi kuwahukumu waliobeba dhamana siku ile. Lakini kumbukumbu zilihifadhiwa na jumba halikuzificha. Zile barua zikawa ushahidi wa ubaguzi uliokuwa ukikanushwa. Miaka michache baadaye nchi nzima ilikuwa ikibishana juu ya desturi hiyohiyo, barabarani na bungeni.

Kisha kuna Kandinsky. Mwaka 1951 Van Abbe lilinunua mchoro wake wa mwaka 1910 wa mji wa Murnau na kanisa lake, wenye rangi zinazowaka. Uliwahi kuwa mali ya familia ya Kiyahudi ya Berlin, Siegbert na Johanna Margarete Stern. Siegbert alifariki 1935. Johanna Margarete alikimbilia Uholanzi, akakamatwa, na mwaka 1944 akauawa katika kambi ya Auschwitz. Warithi walidai picha. Mwaka 2018 kamati ya Uholanzi inayoshughulikia madai hayo iliwakatalia. Ushahidi zaidi ulipotazamwa, mwaka 2022 ikaamua irudishwe, na mji wa Eindhoven ukairudisha. Mwaka uliofuata iliuzwa mnadani London kwa pauni milioni 37 na ushee.

Hii haikuwa kazi ya mratibu wa maonyesho. Ilikuwa sheria na haki. Ila inaweka mpaka wa yote yaliyosemwa hapo juu. Jumba lililokuwa hodari wa kuihoji mipangilio yake, lililowahi kuipa sehemu nzima ya mradi wake jina la siasa za kukusanya, lilikaa na picha hiyo miaka 71. Kujihoji kwa njia ya maonyesho kuna thamani, lakini hakuchukui nafasi ya daftari la umiliki, tarehe ya ununuzi, na swali la aliyekuwa nayo kabla. Makumbusho yoyote yanayojivunia majaribio yangefaa kuanza na daftari hilo.

Afrika inaingia katika vyumba hivi kwa mlango wa shamba. Miaka ya karibuni Van Abbe lilionyesha kazi za CATPC, umoja wa wasanii wafanyakazi wa mashamba huko Lusanga, Kongo, pale ambapo kampuni ya Lever ilikuwa na mashamba ya michikichi tangu enzi za Wabelgiji na pakaitwa Leverville. Wanachonga kwa udongo wa kwao. Maumbo yanachukuliwa kwa kompyuta na kutengenezwa upya Ulaya kwa kakao na mafuta ya mawese. Fedha za mauzo wananunulia ardhi na kuipanda tena miti na mazao. Umoja huo uliiwakilisha Uholanzi katika maonyesho ya sanaa ya Biennale ya Venice mwaka 2024. Kuwaweka watu hao ndani ya nyumba iliyojengwa kwa faida ya tumbaku ya kikoloni ni kuuleta mjadala wa jengo lenyewe hadi miguuni mwa mgeni.

Nairobi nayo imefanya jaribio lake, na kwa ujasiri lilisimama sambamba na lolote la Eindhoven. Mwaka 2021, katika Makumbusho ya Taifa, mradi wa orodha za vitu vya Kenya vilivyoko nje ulionyesha makabati ya vioo yasiyo na kitu ndani. Mradi uliunganisha Makumbusho ya Taifa ya Kenya, makumbusho mawili ya Ujerumani, ya Cologne na Frankfurt, na vikundi viwili vya wasanii, Nest na SHIFT. Orodha yao ilipita vitu 32,000, vikiwa katika taasisi zipatazo 30 za Ulaya na Marekani. Miongoni mwa habari zinazoumiza ni za ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo wa Mto Tana, iliyochukuliwa na maofisa wa kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20 na ikaishia katika ghala la British Museum.

Makabati yale matupu yalihusu vilivyochukuliwa. Hatua inayofuata kwa makumbusho ya Nairobi, Dar es Salaam au Kampala inaweza kuhusu vilivyobaki, kwani ghala zao nazo zilianza kujazwa na maofisa wa mkoloni, na kila kitu kina mstari wake katika daftari la mapokezi: nani alikileta, kutoka kijiji gani, mwaka gani, kwa ruhusa ya nani. Maonyesho ya madaftari hayo hayahitaji bima ya mamilioni wala jengo jipya. Yanahitaji meza ndefu, kurasa zilizopigwa picha na kukuzwa, kitu husika kando ya mstari wake, viti, na mzee wa kijiji kilichotajwa amealikwa kusoma na kusahihisha kwa kalamu. Mjadala wa ukumbini unaweza kuanzia hapo: ukurasa gani wa kwanza ufunguliwe, na nani aalikwe kuusoma.